Daftari Libaki kwa Wanachama

MAZIMBU ni mahali padogo, pembezoni mwa mji wa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Wasomaji wetu wengi wa Unguja na Pemba hawajapata kufika huko, isipokuwa vijana wetu wanaokwenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, ambacho kina kampasi hapo iliyopewa jina la Solomon Mahlangu. Hata hivyo leo tunaanzia Mazimbu kwa makusudi. Katika kampasi hiyo hufundishwa elimu ya kompyuta, na vijana wanaotoka hapo ni miongoni mwa watakaoandika programu za kuwasajili wakulima wetu, kuhesabu akiba zao na kuuza mazao yao. Na juu ya vichwa vyao imesimama milima ambayo wakazi wake walipata kuwafundisha watawala, miaka sabini na kidogo iliyopita, kwamba utaalamu ulioletwa bila ya ridhaa ya anayeutumia huwa ni mzigo juu ya mzigo.

Suala lenyewe ni hili. Vyama vyetu vya wanachama, yaani ushirika wa mazao, vyama vya akiba na mikopo, vikundi vya wakulima wa mwani, vya wavuvi na vya akina mama wanaowekeana fedha kila wiki, vimo katika mabadiliko ambayo wengi wa wanachama hawakuyaomba. Afisa huja na kishikwambi mkononi. Mwanachama huulizwa namba ya kitambulisho na namba ya simu. Daftari la karatasi, lile lenye jalada gumu lililokwisha kulika pembe, huambiwa kwamba limepitwa na wakati. Bara, Tume ya Maendeleo ya Ushirika imeweka mfumo wa kuvisimamia vyama kwa kompyuta, uitwao MUVU; korosho za msimu wa 2024 ziliuzwa kwa mnada wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa; na tarehe 28 Aprili, 2025 ilizinduliwa Dodoma Benki ya Ushirika. Huko ndiko mambo yanakoelekea, nasi hatuna kisiwa kingine cha kukimbilia.

Sisi hatuipingi kompyuta. Wala hatuoni fahari kuwa miongoni mwa wale wanaolilia daftari la karatasi kana kwamba lilikuwa malaika. Daftari la karatasi limewala watu. Vyama vya ushirika vilivyovunjwa Bara mwaka 1976 havikuvunjwa na kompyuta. Lawama iliyokuwa ikivifuata kwa miaka kumi, tangu Kamati ya Rais iliyochunguza ushirika mwaka 1966, ilikuwa ni hesabu zisizoeleweka, mizani isiyoaminika na viongozi wasiowajibika kwa waliowachagua. Dawa iliyotolewa ikawa kali kuliko maradhi, kwani mwanachama aliyeibiwa na chama chake aliondolewa hata chama chenyewe. Ilibidi sheria mpya itungwe mwaka 1982 ili ushirika urudi, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuja kukiri kwamba kuuvunja lilikuwa kosa. Sisi tulio katika Chama tunaikumbuka historia hiyo kwa sababu ni yetu. Kwa hiyo mtu akituambia kwamba ipo mashine inayoweza kupima gunia bila ya kidole cha karani kuegemea mizani, na kuandika deni bila ya kurasa kuchanika, sisi tutamwambia karibu.

Zaidi ya hayo, chama kinachoikataa mashine hakibaki kama kilivyokuwa. Hupungukiwa na watu. Mwanachama mwenye mtoto mgonjwa akiambiwa asubiri kikao cha kamati ya mikopo hadi mwisho wa mwezi, huku simu iliyo mfukoni mwake inamwahidi fedha kwa dakika tano, hatasubiri. Ataikopa simu. Mwezi Novemba, 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha watu mtandaoni bila ya leseni, na kila anayesoma magazeti anajua waliokopa huko walivyodhalilishwa, jamaa na marafiki zao wakipelekewa ujumbe wa kuwaaibisha. Watu hao wangeweza kukopeshwa na wenzao kwa riba ya haki. Chama kilichelewa, na mwenye tamaa akawahi.

Hivyo hatuna ubishi kama vyama vibadilike au visibadilike. Tunachouliza ni nani anayeamua namna ya kubadilika, na baada ya kubadilika ni nani atakayeshika daftari. Hapo ndipo tunaporejea Uluguru.

Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuihifadhi ardhi ya milima hiyo. Wataalamu waliona, na hawakukosea, kwamba mvua inabeba udongo na kuuteremsha bondeni. Dawa waliyoichagua ilikuwa matuta ya ngazi, na kila mtu mzima mwenye nguvu akalazimishwa kuyachimba, mwenye kukataa akitozwa faini. Lakini udongo wa juu katika miteremko mingi ya upande wa mashariki ni mwembamba. Ukichimba ngazi unaufukia udongo wenye rutuba na kuufunua usio na rutuba. Wenyeji walilijua jambo hilo kwa mikono yao, lakini hakuna aliyewauliza. Mwezi Julai, 1955 watu walikusanyika Matombo, ghasia zikatokea, polisi wakaitwa na mtu mmoja akauawa. Mpango wa matuta ya lazima ukafa. TANU, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, ikapata wanachama wengi katika milima hiyo kwa sababu ilisimama upande wa waliokuwa hawakuulizwa.

Jambo ambalo husahauliwa ni kwamba upande wa magharibi, huko Mgeta, matuta hayo hayo hayakupata uadui wa namna hiyo. Wakulima wa Mgeta walikuwa wakilima mboga za kuuza mjini, na kwao jasho la kuchimba ngazi lililipwa na bei ya kabichi. Jembe lilikuwa lile lile na mlima ule ule. Kilichotofautiana ni kwamba huku mkulima aliiona faida yake mwenyewe, na kule aliiona amri ya bwana shamba. Tungependa kila afisa anayetumwa kwenye shehia na kishikwambi chake awe amekwisha kusimuliwa habari hii kabla ya kupanda gari.

Morogoro ilishuhudia somo jingine, la namna tofauti. Mwaka 1969, kuanzia tarehe 25 Aprili hadi 1 Mei, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, ANC, kilifanya mkutano wake mjini humo. Mkutano huo uliitishwa baada ya manung'uniko kutoka kwa wanachama wenyewe. Wapiganaji vijana, akiwamo Chris Hani, walikuwa wameandika waraka wakisema kwamba viongozi walioko nje wamejitenga na wanachama na hawajui tena hali ya vita. Kwanza waliadhibiwa, kama ilivyo ada. Kisha mkutano ukaitishwa, Oliver Tambo akatoa nafasi yake ili wajumbe waamue, wakamrudishia. Na mkakati mpya ukaandikwa, milango ya uanachama ikafunguliwa kwa watu wa rangi zote waliokuwa uhamishoni. Chama kilichokubali kukosolewa namna hiyo ndicho kilichoweza baadaye, kuanzia 1977, kulichukua shamba la mkonge lililoachwa la Mazimbu, kikajenga skuli, hospitali, karakana na mashamba, hadi kilipoyakabidhi yote kwa Serikali ya Tanzania mwezi Julai, 1992, wakati wa Rais Ali Hassan Mwinyi, mlelewa wa Unguja. Hapakuwa na kompyuta katika ubishi wa 1969. Lakini mtu aliyekuwa akipiga kelele kwamba hali imebadilika alikuwa mwanachama wa chini, wala si mshauri aliyekodiwa.

Mwaka mmoja tu baada ya makabidhiano hayo, yaani 1993, wakulima wachache kutoka mikoa mbalimbali walikutana Morogoro, kwa msaada wa walimu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, wakaunda Mtandao wa Vikundi vya Wakulima Tanzania, MVIWATA. Neno hilo mtandao lilikuwa bado halijachukuliwa na mashine. Lilikuwa na maana ya watu walioshikana kama nyuzi za wavu. Kwa miaka ya mwanzo chombo chao kikubwa kilikuwa miguu: mkulima wa kijiji hiki akienda kumtembelea mkulima wa kijiji kile aone anavyolima. Baadaye wakawa na gazeti lao. Baadaye yakajengwa masoko katika milima yenyewe, kama Nyandira na Tawa, ili mchuuzi wa mjini asimfuate mkulima mmoja mmoja shambani na kumpangia bei gizani. Simu za mkononi zilipoenea, bei za masoko zikaanza kupelekwa kwa ujumbe mfupi.

Tazama mpangilio huo. Simu ilikuja mwisho, ikakuta mkutano upo, soko lipo, na watu wanajuana. Ujumbe wa bei ulimfikia mtu aliyekuwa tayari na mahali pa kuipatia bei hiyo. Wauzaji wa mifumo hupenda kugeuza mpangilio, waanze na simu kisha watarajie chama kizaliwe ndani yake. Nasi huku visiwani tumeshaona vikundi vilivyosajiliwa asubuhi kwa sababu ya mradi, vikafa jioni mradi ulipokwisha.

Lakini tumeona pia kinyume chake, na hapa tunaomba wakuu wa Serikali watusikilize kwa makini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 shirika la CARE lilileta katika vijiji vya karibu na msitu wa Jozani utaratibu wa kuweka na kukopa ambao ulikuwa umeanzia kwa wanawake wa Niger mwaka 1991. Mradi ulipoondoka vikundi havikufa bali viliongezeka, wanachama wenyewe wakifundishana. Siri yake ilikuwa sanduku la bati lenye kufuli tatu. Sanduku hukaa kwa mmoja, na funguo hukaa kwa wengine watatu, kila mmoja nyumbani kwake. Sanduku halifunguliwi ila mbele ya watu wote. Fedha huhesabiwa kwa sauti. Bibi asiyejua kusoma husikia kilichomo, hukikariri, na juma linalofuata huulizwa: juma lililopita tuliacha kiasi gani? Akijibu, kikao huendelea. Mkaguzi gani atamshinda bibi huyo?

Sisi tuliopita chuoni kabla ya skuli tulisikia mapema kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani ni ile inayohusu kuandikiana madeni: awepo mwandishi mwadilifu, na wawepo mashahidi. Sanduku la kufuli tatu limetimiza yote mawili bila ya kuitwa mfumo.

Sasa kikundi hicho kinaambiwa kiweke fedha kwenye simu. Sababu zipo na ni za kweli. Sanduku laweza kuibiwa usiku, na fedha zilizolala ndani yake hazizai. Lakini zile kufuli tatu zinakuwa nini? Zikiwa ni namba za siri tatu, zinazojulikana na watu watatu, vyema. Tumesikia hata hivyo mara nyingi mno kwamba wazee wawili kati ya watatu humpa katibu kijana namba zao kwa sababu yeye ndiye anayejua kubonyeza. Kufuli tatu zimekwisha kuwa moja. Tena yule bibi aliyekuwa akisikia hesabu kwa masikio yake, sasa ujumbe wa hesabu unakwenda kwenye laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mwanawe, au la mumewe. Akiba aliyoificha kwa miaka mingi ili siku ya shida asiombe ruhusa, imetangazwa sebuleni. Haya ni mambo ya ndani, na huenda ndiyo maana hayaandikwi katika taarifa za kazi; sisi tunayaona makubwa kuliko kasi ya kompyuta.

Kwa upande wa mwani, hali ni ngumu zaidi na ina matumaini zaidi. Tangu kilimo hicho kilipoanza kwa biashara mwaka 1989, mwanamke wa Paje au wa Pemba aliweza kukiendesha kwa vijiti, kamba na maji ya magoti. Alikuwa na shamba lake, kamba zake na mnunuzi wake. Chama kilikuwa ni cha shida na misiba tu. Bahari ilipoanza kupata joto, ile aina ya mwani yenye bei nzuri, kotonii, ikawa inaugua na kukatika katika maji ya pwani. Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, hapa Unguja, wakishirikiana na akina mama wenyewe, walijaribu nyavu za mirija katika maji ya kina kirefu, ambako kuna ubaridi. Kotonii ikaota.

Lakini maji ya kina kirefu yanataka chombo, na wengi wa akina mama hao hawakufundishwa kuogelea tangu utoto. Chombo hakinunuliwi na mtu mmoja mwenye kamba hamsini. Hivyo utaalamu mpya umemfanya kila mkulima amhitaji mwenzake kuliko alivyomhitaji zamani, na chama cha shida na misiba hakina budi kiwe chama cha mali. Nani mwenye mashua? Asiyekwenda baharini kwa ajili ya mimba au uzee anapata fungu gani? Wanaume wakiajiriwa kwa ajili ya kuzamia, wanakuwa wanachama wenye kura au vibarua wenye ujira? Mashine ya kusaga mwani kwa ajili ya sabuni ikiharibika, nani anayelipa? Tumepata kuona katiba za vikundi zilizonakiliwa neno kwa neno kutoka kikundi kingine, hadi jina la kijiji cha wenyewe limesahauliwa ndani. Katiba ya namna hiyo haijui kuwa kuna mashua. Hapa ndipo maafisa wa ushirika wangepaswa kutumia siku zao, wakae na wanachama waandike upya vifungu, badala ya kuhesabu majina waliyoyaingiza kwenye kompyuta na kupeleka hesabu hiyo juu kama ushindi.

Tunayasema haya bila ya kuwadharau maafisa. Wengi wao hufanya kazi kwa nauli yao wenyewe. Lakini kipimo walichopewa si sahihi. Afisa aliyesajili wanachama mia tano ambao hawajui kilichoandikwa juu yao hajafanya kazi kuliko aliyekaa na kikundi kimoja hadi kikaelewa.

Katika minada ya korosho huko Kusini lipo jambo la kuigwa. Bei huja kwa njia ya kompyuta kutoka kwa wanunuzi walio mbali, lakini wakulima hukutanika, bei husomwa hadharani, nao ndio wanaoikubali au kuikataa. Mashine imewaletea wanunuzi, kinywa cha kusema ndiyo au hapana kimebaki kwa wenye mali. Kama hilo linawezekana kwa tani za korosho, litashindikana vipi kwa akiba za kikundi cha watu ishirini na watano?

Kwa hiyo tunayo maombi yetu. Kikundi kisihamishwe kutoka sanduku kwenda simu, wala kutoka karatasi kwenda kompyuta, ila kwa uamuzi wa mkutano wake mkuu, na mkutano huo uelezwe hasara pamoja na faida. Asiye na simu asipungukiwe na kura wala fungu. Majina na namba za wanachama ni mali yao. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kampuni inayotaka kuwajua wakulima wa mwani ili iwauzie mbolea, bima au mikopo na iwaombe wenyewe. Vijana wa Mazimbu, na wale wa vyuo vyetu vya hapa, wapelekwe vijijini kabla ya kuandika programu, wakae kikao kizima kuanzia kufunguliwa kwa sanduku hadi kufungwa kwake. Safari kutoka kampasi ile hadi Nyandira si ndefu, ingawa barabara inachosha. Na kutoka Mjini hadi Jozani ni fupi zaidi.

Na kama hayo yote yataonekana mengi kwa mara moja, basi lipo moja dogo ambalo Mrajis wa Vyama vya Ushirika anaweza kuanza nalo. Kila chama kilichoingizwa kwenye kompyuta kichapishe kila mwezi karatasi moja ya hesabu, yenye namba ya kila mwanachama bila ya jina lake, akiba aliyoweka na deni alilobakisha. Karatasi hiyo isomwe kwa sauti katika kikao, kisha ihifadhiwe pamoja na daftari la zamani, chini ya kufuli zile zile tatu. Haihitaji sheria mpya wala fedha za wafadhili. Inahitaji barua moja kutoka ofisi ya Mrajis, na barua hiyo ikitoka kabla ya mikutano mikuu ya mwaka, itasomwa mbele ya wanachama wenyewe.